Deni la Fundi wa Mtambo

Swali la gongo hapa kwetu Tarime, na kwa jirani zetu wa Serengeti, limeulizwa miaka mingi, ila mara nyingi limeulizwa vibaya. Mchungaji anauliza kama ni dhambi. Polisi anauliza imefichwa wapi. Mwanasiasa, kampeni zikifika, anauliza kwa nini isihalalishwe akina mama wapate riziki. Mnywaji yeye hana makuu, anauliza bei. Kila mmoja ana haki na swali lake. Lakini kuna swali moja limeachwa nje mvuani, nalo ni hili: mtu aliyekuwa akipika busaa anapohamia kwenye gongo, anabadilisha nini hasa? Ni pombe ile ile iliyoongezewa nguvu, au ni tendo jingine kabisa lenye wajibu wake?

Nalileta kwenu vijana wenzangu kwa sababu siku hizi sisi ndio tunaoguswa. Zamani mtambo ulikuwa chungu juu ya chungu, mama mwenyewe akaujenga kwa udongo na majani ya mgomba. Leo mtambo ni pipa, bomba la shaba, na mtu wa kuchomelea. Tuseme kijana amejifunza ufundi, ana karakana yake ndogo kando ya barabara ya Sirari au pale Mugumu mjini. Shangazi yake anafika jioni, wanasalimiana, anakaa kwenye benchi, anasema: "Mwanangu, pipa langu linavuja mvuke, napoteza kuni na mali. Wewe si ndiye fundi wetu? Niundie mtambo wa maana." Kijana atajibu nini? Na akijibu "Sawa shangazi, lete pipa," amejitwisha mzigo gani?

Tuanze na pombe yenyewe. Unga wa mahindi unakandwa na maji, unaachwa uchachuke siku kadhaa, kisha unakaangwa juu ya bati mpaka uwe wa kahawia. Pembeni ulezi umeoteshwa, ukakaushwa na kusagwa. Hicho ndicho kimea. Kimea hugeuza wanga kuwa sukari, na hamira hugeuza sukari kuwa kileo. Ukichanganya vyote na maji, siku mbili tatu tu busaa inaumuka yenyewe bila kumwomba mtu ruhusa. Inachujwa, inanywewa. Kwa Kikurya pombe ni amarwa, na hakuna mzee wa rika lolote atakayekubali umwambie kuwa jando, mahari au kuitana kulima kunaweza kwenda vizuri bila hiyo.

Sasa itazame pombe hii kwa makini, utaona imezungukwa na walinzi. Wa kwanza ni tumbo. Busaa ni nzito, ni nusu uji. Mtu hushiba kabla hajaangamia, na hata akilewa, kuna chakula ndani yake. Wa pili ni siku. Busaa haiwekwi. Leo tamu, kesho kali, keshokutwa siki. Aliyeipika hana budi kuita watu waimalize, na mchoyo hawezi kuifungia kabatini. Wa tatu ni baraza. Inanyweka mchana, mahali panapojulikana, mbele ya wazee, na mwenye kuzidisha huonekana na kusemwa. Wa nne ni mpishi mwenyewe. Hutangulia kuonja mbele ya wageni, na ikiwa mbaya jina lake linatembea kijiji kizima kabla ya jua kuzama.

Sisemi kwamba busaa haijaua mtu wala kuvunja nyumba. Imevunja nyingi. Wapo waume waliokunywa mavuno yote ya mtama huku watoto wakilala na uji wa chumvi. Ninachosema ni kwamba walinzi hawa wanne hawakuwekwa na serikali, wala padri, wala mwalimu. Wamo ndani ya pombe yenyewe, na katika namna inavyonyweka.

Mtambo unawafukuza wote wanne kwa usiku mmoja. Hebu tupige hesabu, kwa maana katika maadili nayo hesabu husaidia. Chukua ndoo moja ya lita 20 ya pombe yenye kileo asilimia 5. Ndani yake kuna lita 1 ya kileo halisi. Lita 19 ni maji na machicha. Watu 20 wakikaa barazani, kila mmoja anapata lita yake, wanaimba, wanakwenda kulala. Ipitishe ndoo hiyo kwenye mtambo, na tuseme hakuna kinachopotea: utapata lita mbili na nusu za gongo yenye asilimia 40. Kile kilichokuwa sherehe ya watu 20 sasa kinaingia kwenye chupa tatu. Mtu mmoja anaweza kukificha ndani ya koti, akakivusha mpaka, akakiuza kwa glasi, akakiweka mwaka mzima kisiharibike. Hakishibishi. Hakihitaji baraza. Hakijui nani amekipika.

Namna inavyofanyika haina uchawi. Kileo huchemka kwenye nyuzijoto 78, maji kwenye 100. Ukipasha moto pombe taratibu, mvuke unaotangulia una kileo kingi kuliko maji. Ukiupitisha kwenye bomba lililozama ndani ya maji baridi, unarudi kuwa kimiminika na kudondoka. Shuleni tuliambiwa ni kukeneka. Ndiyo maana wapishi wengi huweka mtambo karibu na kijito, maji yapo ya kupoza, na vichaka vipo vya kujificha. Sheria ya nchi yetu ya mwaka 1966 iliita kinywaji hiki "moshi", na jina hilo naona linafaa kuliko tunavyodhani. Mwili wa pombe, ule uji, ile shibe, unabaki chini ya pipa na kutupiwa nguruwe. Kinachouzwa ni kile kilichopaa.

Hapo ndipo ninapoweka hoja yangu, nanyi mnaweza kuipinga. Yule anayeondoa mlinzi mlangoni anapaswa kusimama yeye mwenyewe mahali pa mlinzi. Ukivunja ukuta wa boma la ng'ombe kwa kuwa unataka kupanua, usiku huo hulali. Unakaa na mkuki wako mpaka ukuta usimame tena. Hakuna Mkurya atakayebishia hilo kuhusu ng'ombe. Basi tukubali na kuhusu watu. Mwenye mtambo ameiondoa shibe, ameondoa siku, ameondoa baraza. Kuanzia hapo, kazi iliyokuwa inafanywa na tumbo la mnywaji na macho ya wazee imehamia kwake. Akisema "kila mtu anywe kwa akili yake," amesahau kwamba akili ndicho kitu cha kwanza bidhaa yake inachochukua.

Na fundi je? Wengi watasema fundi hana lake, yeye ni mtu wa vyuma. Ndugu msomaji, hebu tumtazame vizuri. Bomba la shaba ni ghali. Bati la kawaida linaota kutu. Kitu rahisi kupatikana ni rejeta ya gari bovu: ina mirija tayari, inapoza vizuri, na mwenye gari anaitoa kwa bei ya kutupa. Lakini rejeta nyingi za zamani zimeungwa kwa lehemu yenye risasi, na pombe ina uchachu. Mvuke wenye uchachu ukipita humo siku baada ya siku huokota risasi kidogo kidogo. Risasi haina harufu, haina ladha, haichomi koo. Inaharibu figo na mishipa ya fahamu polepole, mpaka familia ikaenda kuuliza kwa waganga nani amemroga. Fundi anajua ameweka rejeta. Shangazi pengine hajui maana yake. Mnywaji hajui hata kama rejeta ipo. Vivyo hivyo kwa pipa lililobeba dawa za kiwandani kabla halijawa la gongo.

Kuna wapishi wanaowasha kiberiti kupima, gongo ikishika moto wanasema safi. Kiberiti kinasema kuna kitu kinachowaka, basi. Methanoli, kile kileo cha viwandani kinachopofusha na kuua, nayo inawaka, tena kwa mwali hafifu usioonekana vizuri mchana. Kwa haki ya wapishi wetu lazima niseme kwamba nafaka na muhogo vikichachushwa kawaida havitoi methanoli ya kuua kijiji. Yale maafa makubwa ambayo chanzo chake kilijulikana, mara nyingi yalitokana na watu walioimimina makusudi ili kuongeza ujazo na ukali. Nairobi mwezi Novemba 2000 zaidi ya watu 100 walikufa. Kabale, Uganda, mwaka 2010, na tena Kenya Mei 2014, walikufa makumi. Wengine waliamka na kuuliza kwa nini taa imezimwa, kumbe ni mchana.

Kwa hiyo deni la fundi linatokana na kujua. Anayejua ana deni kwa asiyejua, na deni linakua kadiri asiyejua anavyoshindwa kujikinga. Mtu anayenunua jembe bovu ataona likipinda. Anayekunywa risasi haoni kitu.

Najua mtaniletea hoja ya kisu. Mhunzi anatengeneza kisu, mtu anakichukua anaua, je, tumfunge mhunzi? La. Lakini tazameni tofauti. Mhunzi anauza sokoni mchana, anajulikana, na visu vyake vingi vinakata nyama na mboga. Tena kisu hakimlazimishi mwenye nacho. Mtambo una mwelekeo wake. Umekula gharama, unataka kurudisha fedha, na faida yake kubwa inatoka kwa nani? Haitoki kwa mzee anayeonja glasi moja siku ya sherehe. Inatoka kwa yule anayekuja kila asubuhi, mikono ikitetemeka. Ukiunda mtambo wa biashara unaunda pamoja nao haja ya kuwa na mtu kama huyo. Huo si ukali wa maneno, ni hesabu ile ile ya ndoo.

Sasa nije kwenye hoja ngumu kuliko zote, kwa sababu wanaoikwepa wanahubiri tu. Ni hoja ya shangazi. Kwetu ng'ombe ni wa wanaume na wa ukoo. Shamba ni la ukoo. Mjane anaweza kufanya kazi miaka thelathini asiwe na kitu cha kuuza bila kuomba kwa shemeji. Lakini fedha ya chungu ni yake. Hiyo ndiyo iliyonunua sare na madaftari, ikalipia mtihani, ikampeleka mtoto hospitali usiku. Wengi wa rika letu tunaojua kusoma na kuandika, tukifuatilia ilikotoka karo yetu, tutaishia chini ya mti, kando ya kijito, penye pipa jeusi kwa masizi. Tukisimama leo na kalamu zetu kumwambia shangazi "acha," ana haki ya kutuuliza: "Na hiyo kalamu je?"

Nami sina jibu la kumnyamazisha, na sitaki kumnyamazisha. Nina swali la kukaa naye. Ile fedha iliyomlipia mtoto wake ilitoka mfukoni mwa nani? Mara nyingi ilitoka kwa baba wa mtoto mwingine, kijiji hicho hicho, aliyeuza debe la mahindi asubuhi akarudi jioni bila mahindi wala fedha. Huko Nyamongo ilitoka kwa mchimbaji aliyepata dhahabu kidogo na hakufika nayo nyumbani. Karo ya mtoto wa mpishi imekuwa karo ya mtoto wa mnywaji. Mtoto mmoja amekwenda shule, mmoja amebaki akichunga. Busaa nayo ilihamisha fedha, lakini kwa kiasi ambacho tumbo liliruhusu. Gongo haina tumbo la kuizuia. Shangazi hakukusudia kumnyang'anya mtoto yule. Njia hii tu ndiyo iliyoachwa wazi mbele yake, nyingine zote zimefungwa na desturi ambazo sisi wanaume hatuzihubirii kanisani.

Je, sheria imesaidia? Ina umri mrefu. Septemba 1919, kwa mkataba wa Saint-Germain-en-Laye, mataifa ya kikoloni yalikubaliana kuzuia utengenezaji wa vileo vikali katika sehemu kubwa ya Afrika, na hata uingizaji wa mitambo yake. Lengo lilikuwa Mwafrika asiguse. Wakati huo huo askari wa Kinubi walioletwa na jeshi la Waingereza walikuwa tayari wanajua ufundi huo, na gongo ya Wanubi wa Kibera ilijulikana Nairobi nzima. Baada ya uhuru Uganda ilitunga sheria ya enguli mwaka 1965: mpishi apate leseni, auze kwa kiwanda, kiwanda kisafishe, ndiko ilikotoka Uganda Waragi. Sisi tukatunga ya moshi mwaka 1966, nayo inataka leseni. Kenya ilipiga marufuku chang'aa moja kwa moja mwaka 1980, ikaiondoa marufuku hiyo mwaka 2010 kwa masharti ya leseni, chupa na maandishi ya onyo. Na bado, Februari 2024, huko Kirinyaga, zaidi ya watu 10 walikufa kwa kunywa sumu.

Ninachokiona katika historia hii ni kwamba marufuku nayo huondoa mlinzi. Kabla ya polisi kuja, mpishi alijulikana. Baada ya polisi kuja, amehamia kichakani, anapika usiku, na bidhaa yake haina jina. Ikiua, hakuna wa kuulizwa. Serikali imeondoa macho ya jirani, je, imesimama yenyewe mahali pake? Inasimama siku ya msako tu. Inamwaga lita kadhaa mbele ya wapiga picha, inakata pipa kwa shoka, inakwenda zake. Wiki ijayo fundi ana kazi mpya. Halafu mwananchi anatazama dukani na kuona kileo kikali kile kile kina lebo na stempu ya kodi. Kwa miaka kadhaa kiliuzwa hata kwenye vifuko vidogo vya plastiki, viroba, vikiingia mfuko wa kaptula ya mwanafunzi, mpaka viroba vilipopigwa marufuku tarehe 1 Machi 2017. Kiroba kilikuwa na leseni, lakini walinzi wote wanne kilikuwa kimewaacha nyuma. Basi leseni peke yake si mlinzi.

Mbali na hapa, kuna watu wanaopika kwa burudani. Marekani waliruhusu kupika bia nyumbani kwa matumizi ya familia kwa sheria ya mwaka 1978, ila sheria hiyo haikugusa kileo cha mtambo. New Zealand iliruhusu hata mtambo mwaka 1996, kwa matumizi ya mwenyewe, si kuuza. Hawa wanaonunua shaba safi, wanaopima joto kwa kipimo, wanaotupa ya kwanza kutoka kwa kuwa ni mbaya, wanakunywa wenyewe walichopika. Mlinzi wa nne, yule wa kuonja kwanza, bado yupo. Sisi hatuna anasa hiyo. Kwetu hakuna anayekesha na pipa kwa burudani. Anakesha kwa sababu shule inafungua Jumatatu.

Basi kijana wa karakana ajibu nini? Mawazo yangu ni haya. Maadamu mtambo ni wa kufichwa, deni lake halilipiki, kwa sababu huwezi kusimama mlangoni na papo hapo ukajificha. Kwa hiyo akatae. Asikatae kwa kuogopa polisi, wala kwa kujiona msafi. Akatae kwa kuwa anajua kilichomo ndani ya rejeta, na anajua wateja wa asubuhi ni akina nani, pengine mmoja ni mjomba wake.

Lakini akikataa na kurudi kwenye kazi zake, ameosha mikono yake tu. Shangazi ataondoka, atampata fundi mwingine asiyejua hata habari za risasi. Kukataa kwa haki kuna gharama, na gharama hiyo ni ufundi wake. Huyu mtu anajua kuchomelea, kupinda bomba, kuzuia mvuke usivuje. Anaweza kumuundia shangazi jiko linalokula kuni kidogo, busaa yake ikatoka kwa gharama nafuu, ikauzwa mchana barazani. Anaweza kumtengenezea mashine ya kukamua alizeti au kupukuchua mahindi, akamkopesha, alipwe kwa msimu. Na jioni, wazee wakikaa, anaweza kuuliza kwa heshima zote: kwa nini mjane wetu hana ng'ombe hata mmoja aliye wake? Swali hilo litawachoma kuliko gongo. Lakini mpaka lijibiwe, pipa litaendelea kuchemka pale kijitoni, tukatae tusikatae.

Mwenye hoja tofauti na ailete. Ila aje na hesabu ya ndoo yake, na atuambie, baada ya walinzi kuondoka, nani amesimama mlangoni.